Switch OLED, Switch 2, Steam Deck OLED au ROG Xbox Ally: ipi inastahili pesa yako?

Ukiingia duka la vifaa vya gemu, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni kioo. Muuzaji anawasha mashine mbili, anakwambia "hii 1080p, ile 720p tu", na papo hapo ile ya 1080p inaonekana ndiyo bora. Namba ni ya kweli, ni idadi ya mistari ya pikseli (nukta za rangi) kutoka juu hadi chini ya kioo, ila haikwambii unachotaka kujua. Kioo ni turubai tu. Anayechora ni chipu, na chipu ya mashine ya mkononi inachora kwa umeme kiduchu, wati 20 au chini ya hapo, wakati kadi ya picha ya kompyuta ya mezani inaweza kula wati 200 peke yake. Kwa hiyo kwenye mashine hizi picha inaamuliwa na wati kwanza, kioo baadaye. Ukilishika hilo, utajua pesa yako inaenda wapi.

Tunalinganisha mashine nne za gemu za mkononi ambazo mtu mwenye kati ya dola 350 na 600 atajikuta akizipima. Bei zilizo hapa ni za Marekani siku mashine zilipozinduliwa.

| | Switch OLED | Switch 2 | Steam Deck OLED | ROG Xbox Ally |
|---|---|---|---|---|
| Ilitoka | Oktoba 2021 | Juni 2025 | Novemba 2023 | Oktoba 2025 |
| Bei (dola) | 349.99 | 449.99 | 549 | 599.99 |
| Kioo | inchi 7, OLED | inchi 7.9, LCD | inchi 7.4, OLED | inchi 7, LCD |
| Pikseli | 1280×720 | 1920×1080 | 1280×800 | 1920×1080 |
| Hz (mara kioo kinavyobadili picha kwa sekunde) | 60 | 120 | 90 | 120 |
| RAM | GB 4 | GB 12 | GB 16 | GB 16 |
| Hifadhi | GB 64 | GB 256 | GB 512 | GB 512 |
| Betri (Wh ni wati-saa) | Wh 16 | karibu Wh 20 | Wh 50 | Wh 60 |
| Uzito | gramu 420 | gramu 534 | gramu 640 | gramu 670 |

Switch OLED ilipandishwa bei Marekani Agosti 2025 ikafika dola 399.99, kwa hiyo tofauti yake na Switch 2 ikabaki dola 50 tu. Juu ya bei hizi ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania. Valve, kampuni yenye Steam Deck na duka la gemu la Steam, haiuzi Deck moja kwa moja Afrika Mashariki, kwa hiyo dhamana utakayopata ni neno la aliyekuletea. Muulize kabla ya kulipa, na aliandike kwenye risiti.

Hesabu ya pikseli

Kioo cha 1280×720 kina pikseli 921,600. Cha 1280×800 kina 1,024,000. Cha 1920×1080 kina 2,073,600, yaani mara mbili ya kile cha Steam Deck. Ili gemu iende fremu 60 kwa sekunde, yaani picha kamili 60, chipu ina milisekunde 16.7 za kuchora pikseli zote hizo, pamoja na vivuli, moshi na nywele za wachezaji, kisha ianze upya. Ikishindwa, fremu zinaruka na mkono wako unahisi uzito hata kabla jicho halijaona.

Sasa tazama ROG Xbox Ally na Steam Deck zikiwa kando kwa kando. Ndani ya Ally hii, ile nyeupe ya bei ndogo, kuna chipu ya AMD iitwayo Ryzen Z2 A. Ina kore 4 (sehemu za kukokotoa) za kizazi cha Zen 2 na vitengo 8 vya picha vya kizazi cha RDNA 2. Ndani ya Steam Deck nako kuna kore 4 za Zen 2 na vitengo 8 vya RDNA 2. Hizi ni ndugu wa damu. Ally inaruhusiwa kupanda hadi wati 20, Deck inaishia 15. Umeongezewa wati 5, lakini kioo kinadai pikseli mara mbili. Gemu kubwa za miaka hii zikiwekwa 1080p kwenye Ally zinashuka fremu, unalazimika kurudi 720p, na hapo kila pikseli iliyochorwa inatandazwa juu ya pikseli moja na nusu za kioo kwa kila upande. Nusu ya pikseli haipo, kwa hiyo mashine inachanganya rangi za majirani na picha inapata ukungu mwembamba, hasa kwenye maandishi madogo. Deck inayochora 800p juu ya kioo cha 800p inatua moja kwa moja, pikseli kwa pikseli. Ndiyo maana kioo chenye namba ndogo mara nyingi hutoa picha safi zaidi.

Kioo cha Ally kinashinda kwenye gemu nyepesi na za zamani, ambazo chipu inazimudu kwa 1080p bila jasho. Hapo maandishi ni makali na Hz 120 zina maana. Kina pia uwezo wa kubadili Hz kufuata fremu, kwa hiyo gemu ikiyumba kati ya 48 na 60 huoni picha ikichanika. Deck haina uwezo huo, ndiyo sababu kwenye Deck unafunga fremu mahali pamoja. Tutafika huko.

Switch 2 imepita njia nyingine. Chipu yake ni ya Nvidia, na ikiwa mkononi mashine nzima inakula takriban wati 10. Unaweza kulithibitisha mwenyewe: Nintendo wanasema betri inadumu saa 2 hadi 6.5, na betri ya karibu Wh 20 inayoisha kwa saa 2 inatumika kwa wati 10. Kwa umeme huo mdogo bado inaweza kucheza Cyberpunk 2077 kwa fremu 30, au 40 ukichagua hali ya kasi. Siri ni DLSS: chipu inachora picha ndogo, halafu sehemu maalumu ndani yake, iliyofunzwa kwa akili unde, inaijaza hadi ikaribie 1080p. Deck na Ally nazo zina mbinu ya AMD iitwayo FSR, lakini kwenye chipu hizi FSR inafanya kazi kwa hesabu za kawaida bila sehemu hiyo maalumu.

Tofauti utaiona kwenye vitu vyembamba. Simamisha kamera nyuma ya goli katika gemu yoyote ya mpira, uangalie wavu huku ukizungusha kamera polepole. FSR ikiwa imewekwa kwa nguvu, nyuzi za wavu zinametameta, zinakatika na kurudi, kama mchwa wanaotembea. Nywele na majani hufanya vivyo hivyo. DLSS inazishika nyuzi hizo vizuri zaidi, ingawa nayo huacha mkia mfupi nyuma ya kitu kinachokimbia. Ukitaka kupima mashine dukani, acha kuangalia uso wa mhusika, maana uso hupendeza popote. Angalia wavu, uzio wa waya na nyaya za umeme.

OLED dhidi ya LCD

Kwenye OLED kila pikseli inawaka yenyewe, kwa hiyo nyeusi ni nyeusi kabisa. Kwenye LCD kuna taa nyuma ya kioo chote na nyeusi inakuwa kijivu, jambo unaloliona zaidi ukicheza usiku taa zikiwa zimezimwa. Kioo cha Switch 2 kimepanda pikseli na Hz, lakini kimeshuka hapa: ni LCD, na pikseli zake zinachelewa kubadili rangi, hivyo vitu vinavyokimbia vinaacha ukungu. Anayehama kutoka Switch OLED huligundua siku ya kwanza. Kwa macho yangu kioo bora katika hizi nne ni cha Steam Deck OLED, chenye mwanga unaofikia niti 1,000 (kipimo cha mwanga) kwenye HDR, yaani picha zenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, Hz 90 na nyeusi ya kweli. Wala sioni haya kusema kinashinda vioo viwili vya 1080p vilivyomo humu.

Switch OLED nayo ina kioo kizuri kilichofungwa kwenye chipu iliyochoka, yenye nguvu zile zile za mwaka 2017. The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom inaenda fremu 30 juu yake, na inayumba panapokuwa na moto au vitu vingi. Gemu hiyo hiyo kwenye Switch 2, baada ya kulipia nyongeza ya dola 9.99, inaenda 60.

Mpenzi wa mpira asome hapa kwanza

Steam Deck inatumia SteamOS, mfumo wa Linux. Gemu za Windows zinapita juu yake kwa programu ya kutafsiri, na nyingi zinaenda vizuri kiasi kwamba husahau. Zinazokwama ni zile zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu unaokataa Linux. EA Sports FC za karibuni zimo katika kundi hilo, na haziwaki kabisa kwenye SteamOS. Fortnite, Valorant na Call of Duty hivyo hivyo. GTA Online nayo ilifungwa Septemba 2024, ingawa GTA V ya kucheza peke yako inaendelea.

Kama ratiba yako ya jioni ni FC na marafiki, Steam Deck si yako, hata kama kioo chake kimekuteka. Kuna njia ya kuweka Windows juu ya Deck, lakini unapoteza kulala na kuamka haraka, na betri inakwenda mbio. Chukua ROG Xbox Ally, ambayo ni Windows 11 toka kiwandani, au Switch 2 yenye toleo lake la FC. Ukiwa na gemu unayoipenda, tafuta kwanza jina lake kwenye duka la Steam na utazame alama ya Deck: kijani maana yake imethibitishwa, njano inachezeka kwa marekebisho madogo, na duara lenye mstari maana yake haiwezi.

Gharama ya miaka miwili

Bei ya mashine ni malipo ya mwanzo tu. Chukua mfano wa mtu anayenunua gemu 8 kwa miaka miwili.

Kwenye Switch 2 gemu mpya za Nintendo zinauzwa dola 60 hadi 80, na ni nadra kushuka. Mario Kart World ni 79.99. Kwa wastani wa dola 60, gemu 8 ni 480, mashine 450, na kucheza mtandaoni ni dola 20 kwa mwaka. Jumla 970. Kwenye Steam, gemu kubwa za zamani kidogo hupunguzwa mara kadhaa kwa mwaka. The Witcher 3 hushuka hadi chini ya dola 10. Ukisubiri punguzo na kulipa wastani wa dola 20, gemu 8 ni 160, na mashine 549, jumla 709, bila ada ya mtandaoni.

Ila Nintendo wana kitu ambacho Steam hawana: kaseti. Kaseti unaiuza ukimaliza. Ukinunua iliyotumika, ukaimaliza, ukaiuza ukiwa umepoteza dola 20 tu, hesabu ya Switch 2 inashuka hadi 650, chini ya Deck. Kwa hiyo swali la thamani linategemea watu wanaokuzunguka. Dar au Nairobi, penye vikundi vya kubadilishana kaseti, Switch 2 inaweza kuwa nafuu kuliko zote. Mji ambao hakuna mwingine mwenye Switch, kila gemu utalipa bei kamili, na Steam Deck inashinda kwa mbali.

Kuna mtego kwenye kaseti za Switch 2. Baadhi ni funguo tu. Ndani hamna gemu, ukiichomeka inakutaka uipakue yote. Sehemu ya chini ya uso wa boksi kuna tangazo jeupe linalosema hivyo, lisome. Gemu ya GB 60 kwa mtandao wa Mbps 10 inachukua zaidi ya saa 13, na bando lake linaweza kukaribia bei ya kaseti. Cyberpunk 2077 ya Switch 2 imo yote ndani ya kaseti, na kwa mtu wa bando hiyo ni pesa iliyookolewa.

Kwa upande wa bando Ally ndiyo msumbufu mkubwa. Windows ikiona Wi-Fi tu inaanza kupakua masasisho. Siku ya kwanza fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao wako, uutie alama kuwa ni wa kulipia kwa kipimo. Kwenye Deck kuna nafuu nyingine nzuri: rafiki mwenye kompyuta yenye gemu hiyo hiyo kwenye Steam anaweza kukupa kwa Wi-Fi ya ndani bila kula bando. Kila mmoja anafungua Mipangilio, kisha Upakuaji, anaruhusu uhamishaji wa faili kwenye mtandao wa ndani. Lazima nawe uwe umeinunua gemu.

Hifadhi nayo ina bei yake. Switch OLED, Deck na Ally zinapokea memori kadi ya kawaida ya microSD. Switch 2 inataka microSD Express pekee kwa ajili ya gemu, na ni ghali mara kadhaa. Kadi ya kawaida ukiichomeka itakuruhusu kuhamisha picha na video za zamani tu. Kadi bandia ni nyingi, zile zilizoandikwa GB 512 huku ndani kuna 32. Zinapokea faili bila kulalamika kisha gemu inaharibika kimya kimya. Ijaze kadi yote kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta kabla ya kuiamini.

Chaji na umeme unaokatika

Kujua muda wa betri, gawanya Wh kwa wati zinazoliwa. Deck ikicheza gemu nzito inakula karibu wati 20 kwa jumla, na 50 ukigawa kwa 20 ni saa 2 na nusu. Ally ikiwa kwenye wati 20 za chipu, ukijumlisha kioo, feni na vinginevyo, inakaribia wati 30, na Wh 60 zake zinaisha kwa saa 2. Switch OLED ndiyo mvumilivu: Nintendo wanaipa saa 4.5 hadi 9.

Power bank ya mAh 20,000 ina Wh 74 kwenye karatasi, lakini nyingine hupotea njiani na zinazofika ni kama 60. Hizo zinaijaza Switch 2 karibu mara tatu, Deck mara moja na kidogo, Ally mara moja tu. Iwe ya USB-C yenye PD, mfumo wa chaji wa wati nyingi. Deck inataka wati 45. Ukiipa 18 huku unacheza gemu nzito, betri itaendelea kushuka, ila polepole. Ukitaka kuunganisha Switch 2 na TV, chaja iwe ya wati 60, ya simu haitatosha na picha haitatokea kwenye TV.

Kwenye Deck unaweza kujiongezea muda bila kuharibu picha. Gemu ikiwa inaendelea, bonyeza kitufe chenye nukta tatu upande wa kulia, nenda kwenye alama ya betri. Funga fremu kwenye 45, ambazo ni nusu kamili ya Hz 90, hivyo kila fremu inakaa kwa milisekunde 22.2 bila kuyumba. Kisha washa kikomo cha wati, uanze na 10. Kama fremu zinabaki 45, shuka 9, kisha 8. Zikianza kuruka, rudi moja juu. Gemu nyingi za miaka kumi iliyopita zinatulia hapo kati ya 7 na 10, na muda wa betri unaweza kuongezeka karibu maradufu. Ukitaka picha iliyolingana zaidi, punguza vivuli kwanza, kisha nyasi. Ubora wa ngozi za vitu (textures) uache juu, kwa sababu unategemea RAM zaidi kuliko wati.

Mkononi dukani

Jambo linalouma zaidi kwa wanunuzi wa Switch 2 ni mashine za Japani. Kuna toleo la Japani pekee, lililozinduliwa kwa yeni 49,980, nafuu kuliko lingine lolote wakati huo. Lugha yake ni Kijapani tu, na linakubali akaunti zilizosajiliwa Japani tu. Ukiona Switch 2 ya bei ya ajabu, fungua mipangilio utafute mahali pa kubadili lugha: kama hapapo, irudishe mezani.

Switch yoyote iliyotumika, iunganishe na mtandao wa simu yako ufungue duka la eShop hapo hapo. Ikitoa namba 2124-4508, mashine imefungiwa na Nintendo, na hakuna fundi atakayeifungua. Halafu nenda Mipangilio, sehemu ya vidhibiti, uchague kurekebisha vijiti. Achia kijiti: alama ikisogea yenyewe, kijiti kimelika ndani. Vumbi na hewa ya chumvi ya pwani huharakisha hilo. Kwenye Switch OLED fundi mwenye bisibisi ya pembe tatu anaweza kuweka kijiti cha sumaku, ambacho hakisuguani ndani na kwa hiyo hakiliki kwa njia hiyo. Punguza gharama hiyo kwenye bei.

Steam Deck ya LCD huuzwa kwa jina la OLED. Kitufe cha kuwashia kwenye OLED kina rangi ya chungwa, cha LCD ni cheusi. Kama kitufe kimebadilishwa, fungua menyu ya nukta tatu: kipimo cha Hz kikiishia 60, ni LCD.

Na muuzaji akitaka kukubandulia nailoni ya juu ya kioo cha Switch OLED au Switch 2 ili "kionekane kipya", mzuie mkono. Hiyo ni sehemu ya kioo, imewekwa kiwandani ili vipande visitawanyike kikivunjika. Bandika kinga nyingine juu yake.